Karanga za Kongwa: Habari za Kazi Iliyoharibiwa na Wakubwa Wake

Habari za karanga za Kongwa zimesimuliwa mara nyingi, na aghalabu wasimulizi hutua juu ya udongo na mvua. Husema kwamba nchi ya Ugogo ni kavu, kwamba mawingu yake huahidi pasipo kutimiza, kwamba mibuyu ilikaidi na vichaka vya miba vikakataa kung'oka, na kwa sababu hizo shirika kubwa lililotoka Uingereza mwaka 1947 lilishindwa na kuondoka na hasara ya mamilioni. Maneno hayo ni ya kweli, ila kweli yake haijatimia. Maana udongo wa Kongwa ulikuwapo kabla ya shirika, Wagogo walilima mtama na uwele na kulisha ng'ombe juu yake vizazi kwa vizazi, na tabia zake zote, njema na mbaya, hazikuwa siri kwa mtu yeyote aliyezaliwa pale. Lililokuwa jipya ni shirika lenyewe. Kwa hiyo atakaye kujua taksiri ilitoka wapi hana budi kuitazama kazi jinsi ilivyopangwa, amri jinsi zilivyoshuka na habari jinsi zilivyozuiwa kupanda, na moyo wa watu walioanza kwa ari kubwa jinsi ulivyovunjika katika muda wa miaka mitatu mpaka pasibaki mtu aliyeiona kazi ile kuwa ni yake.

Asili ya jambo ilikuwa dhiki. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Waingereza walijikuta washindi wenye njaa. Siagi, mafuta ya kupikia na sabuni vilikuwa adimu, na Julai 1946 hata mkate ukaanza kugawiwa kwa kipimo, jambo ambalo halikufanywa wakati wa vita vyenyewe. Mwanzoni mwa mwaka huo Frank Samuel, mmoja wa wakuu wa kampuni ya United Africa, ambayo ni tawi la Unilever, alipita Tanganyika kwa ndege, akaona mapori mapana yasiyo na watu wengi, akapeleka shauri kwa Wizara ya Chakula ya Uingereza kwamba mapori hayo yafyekwe kwa mashine na kupandwa karanga. Serikali ikalipokea shauri kwa pupa ya mwenye haja, ikatuma tume ya watu watatu: John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, David Martin, mjuzi wa mashamba makubwa kutoka kampuni ile ile ya United Africa, na John Rosa, mtu wa mambo ya fedha. Tume ilitembea Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa majuma tisa, sehemu kubwa ya safari ikiwa angani, kisha ikarudi kuandika taarifa.

Taarifa hiyo ilipendekeza mashamba 107, kila moja eka 30,000, jumla yake eka 3,210,000, ambayo ni ardhi iliyo kama mara tano ya Unguja na Pemba zikiunganishwa. Themanini kati ya mashamba hayo yangekuwa Tanganyika, 17 katika Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Gharama ilikisiwa kuwa pauni milioni 24, na mavuno yakatazamiwa kufikia tani 600,000 kwa mwaka. Mkulima ahamiaye kijiji kigeni hupanda kipande kidogo msimu wa kwanza, akaitazama ardhi itamjibu nini, ndipo apanue shamba. Lakini Februari 1947 serikali ilipotangaza mpango wake katika Bunge la Uingereza hakuna aliyekuwa amepanda shamba la majaribio Kongwa la kipimo kile, wala udongo wake haukuwa umepimwa ipasavyo, wala hapakuwa na kumbukumbu za kutosha za mvua za mahali pale. Mimi siwalaumu watu wale watatu kwa kutumaini. Lawama yangu iko kwa waliolipokea kisio la majuma tisa wakaligeuza kuwa ahadi mbele ya taifa zima, kwa sababu toka siku ile hesabu ya eka haikuwa tena shauri la kilimo ambalo ukweli wa shambani ungeweza kulisahihisha. Ilikuwa heshima ya mawaziri, na heshima ya mawaziri haisahihishwi na dereva wa trekta.

Juu ya hayo, mwanzo wa kazi ulikuwa na uzuri wake, na itakuwa dhuluma kuuficha. Zaidi ya watu 100,000 Uingereza waliandika maombi ya kwenda Tanganyika. Wengi wao walikuwa askari waliovuliwa sare wakarudi katika nchi yenye baridi, foleni na mgawo, nao waliona mbele yao kazi ya amani yenye ukubwa wa vita, kazi ya kulisha watu badala ya kuwaua. Kikosi cha kwanza kilifika Kongwa mwanzoni mwa mwaka 1947, wakalala katika mahema, wakanywa maji yaliyoletwa kutoka mbali, wakafanya kazi tangu alfajiri hata jioni bila kuulizana cheo. Waafrika nao walimiminika kutoka pande nyingi za nchi kutafuta kazi, na miongoni mwao walikuwapo askari waliorudi kutoka Burma na Uhabeshi, watu walioona dunia, waliojua gari na bunduki na amri, na ambao walitazamia kwamba nchi waliyoipigania ingekuwa na nafasi kwa ustadi wao. Shirika lolote lingeweza kuomba rasilimali gani iliyo bora kuliko hiyo? Fedha hukopwa na mashine hununuliwa, lakini nia njema ya watu maelfu kwa maelfu haipatikani sokoni, na wakubwa wa karanga waliipata bure.

Kisha zikaja mashine, na pamoja nazo mushkili wa kwanza. Viwanda vya Uingereza na Marekani havikuweza kutoa matrekta mapya kwa upesi uliotakiwa, kwa hiyo wanunuzi wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa ikisimamia kazi wakati huo, walipita wakikusanya yaliyoachwa na majeshi, mengine yakatoka mbali kama Ufilipino, yakiwa yamekaa nje kwenye mvua na chumvi. Yakateremshwa katika bandari ya Dar es Salaam, ambayo haikuwa na gati la kupokea shehena za namna ile, yakapandishwa katika Reli ya Kati, ambayo ilikuwa njia moja tu na imechoka kwa kazi ya vita, yakafika Ugogo baada ya taabu nyingi. Mengi yalikuwa mabovu toka siku ya kushushwa. Vipuri havikulingana na mitambo, karakana haikuwa na vyombo vya kutosha, na vumbi la Kongwa, ambalo lina chembe ngumu kama za kusugulia chuma, lilikula minyororo na visu vya matingatinga. Hata ilipofika miezi ya mwisho ya mwaka 1947, theluthi mbili hivi ya matrekta yalikuwa yamelala. Vichwa vya kampuni ya Vickers vilibuni kugeuza vifaru vya vita vya Sherman kuwa matrekta, vikaitwa Shervick, navyo havikufaa. Hila iliyofaa ilikuwa ile ya kufunga mnyororo wa nanga ya meli baina ya matingatinga mawili na kuukokota porini ili uangushe miti, na hila hiyo ni dalili kwamba akili ilikuwapo Kongwa kila mtu wa kazi alipoachiwa nafasi ya kuitumia. Miti ilianguka, mizizi ndiyo iliyobaki ardhini, nayo ilivunja majembe ya chuma moja baada ya jingine. Mpango ulitaka eka 150,000 mwaka ule wa kwanza. Zilizopatikana na kupandwa zilikuwa 7,500 hivi.

Tofauti baina ya 150,000 na 7,500 ni maneno ambayo ardhi iliwaambia watu waziwazi, wala hayakuhitaji mkalimani. Uongozi wenye busara ungeketi pale, ungewaita waliokuwa porini, Mzungu na Mwafrika, fundi na mpima ardhi na mzee wa kijiji, ungewauliza walichokiona, kisha ungepunguza mpango mpaka ukawa sawa na nguvu iliyopo. Badala yake lawama ilitafutiwa bega la chini la kuikalia. Ikasemwa kwamba madereva wa Kiafrika ndio waliovunja mashine. Ni kweli kwamba wengi wao walikabidhiwa mitambo mikubwa baada ya mafunzo ya haraka mno, na kwamba mashine ziliharibika mikononi mwao. Lakini mtu aliyefunzwa kwa haraka, akapewa trekta lililochoka, akatumwa katika pori lenye visiki na nyuki, tena bila mafuta wala grisi ya kutosha, akiharibikiwa ni nani aliyeharibu? Aliyempangia kazi ile alikuwa ofisini, na jina lake halikuandikwa katika daftari la uharibifu.

Hali za vibarua zilistahili kuangaliwa kabla ya trekta la kwanza kupakiwa melini, nazo ndizo zilizoangaliwa mwisho. Maelfu ya watu waliwekwa mahali ambapo chakula kilikuwa haba hata kwa wenyeji, na fedha za mishahara zilipomwagwa ghafla katika nchi yenye bidhaa chache, bei zilipanda. Mtama, unga, kuku, nguo, kila kitu kilighalika, hata mshahara ulioonekana mkubwa siku ya kuandikwa ulikuwa mdogo siku ya kununua posho. Wazungu walijengewa nyumba, klabu na shule ya watoto wao. Makazi ya Waafrika yalikuwa duni, na pengo baina ya kambi mbili hizo lilionekana na kila aliyepita. Mnyapara alisimama kati, akipokea amri kwa lugha asiyoijua vizuri na kuzipeleka kwa watu wasioambiwa sababu yake. Septemba 1947 wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam waliacha kazi wakidai nyongeza, na mgomo wao ulisafiri kwa Reli ya Kati kutoka mji hadi mji kuingia bara. Kabla ya mwaka kwisha ulifika Kongwa. Wako walioandika kwamba mgomo huo ulikuwa fitina iliyoletwa na watu wa pwani. Nami naona kwamba fitina haiwezi kushika moto mahali pasipo na kuni, na kwamba wafanyakazi wale, waliokuwa hawana chama wala mjumbe wala mlango wa kupitishia malalamiko, walitumia njia moja tu waliyobakishiwa ya kusema na wakubwa wao. Wapagazi wa Dar es Salaam waliongezewa malipo baada ya madai yao kusikilizwa na baraza. Kongwa ilirudi kazini, lakini uhusiano wa watu na shirika haukurudi ulivyokuwa. Toka hapo kibarua alihesabu siku za kipande chake, na kipande kilipojaa akaenda zake.

Mwaka 1948 sheria iliyopitishwa na Bunge la Uingereza ilianzisha Shirika la Chakula la Ng'ambo, na kampuni ya United Africa, iliyokuwa ikisimamia kazi kwa wakala, ikakabidhi mambo yote. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kazi iliyokuwa na mushkili iligeuka kuwa kazi yenye maradhi. Mwenyekiti alikuwa Leslie Plummer, mtu hodari aliyekuwa ametumikia biashara ya magazeti London, ambaye hakuwa na uzoefu wa kilimo cha nchi za joto. Baraza la wakurugenzi lilikaa London, safari ya siku kadhaa kutoka shambani, na shirika likawajibika kwa Waziri wa Chakula, John Strachey, wala si kwa Wizara ya Makoloni iliyokuwa na wajibu juu ya nchi na watu wake. Serikali ya Tanganyika ilikuwa na magavana, wakuu wa wilaya na mabwana shamba walioijua Ugogo kwa miaka mingi, lakini mamlaka yao juu ya shirika yalikuwa kidogo mno. Yakawa madola mawili katika nchi moja, moja likijua nchi pasipo fedha, na jingine likiwa na fedha pasipo kuijua nchi.

Ili kuleta nidhamu, shirika lilimpeleka Kongwa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi aliyepata sifa vitani. Nidhamu ya jeshi ina fadhila zake, na yeye hakuwa mvivu. Alifanya kazi hata afya yake ikaharibika, akarudi kwao mgonjwa mwaka 1949. Lakini jeshi limeumbwa kwa ajili ya amri kushuka, na shida ya Kongwa ilikuwa habari kupanda. Idara zikazidi, vyeo vikazidi, na karatasi zikazidi kuliko vyote. Jambo ambalo mwaka 1947 watu wawili walilimaliza wakiwa wamesimama kando ya trekta, mwaka uliofuata lilihitaji barua kwa mkuu wa idara, na barua ya mkuu wa idara kwa makao makuu, na simu ya makao makuu kwa London, na majibu yakarudi msimu umepita. Vijana waliokuja na ndoto ya kulisha dunia walianza kujifunza elimu nyingine, elimu ya kujilinda: kuweka nakala ya kila barua, kutosema kabla mkubwa hajasema, kutaja eka zilizofyekwa na kunyamaza juu ya eka zisizoweza kulimika. Wale waliokuwa na ujuzi wa kweli, maadamu walikuwa na mahali pengine pa kwenda, walijiuzulu. Na kila aliyejiuzulu aliondoka na alichojifunza juu ya pori lile, ili anayemfuata aanze tena kujifunza kwa gharama ile ile.

Kulikuwa na sababu nyingine ya ukimya huo, nayo ilitoka juu kabisa. Mpango wa karanga ulikuwa umekuwa silaha ya vyama. Serikali ya chama cha Labour iliutaja kama ushahidi kwamba shirika la umma linaweza mambo makubwa, na chama cha Conservative kiliuchungulia kila juma kitafute kosa la kulipigia kelele Bungeni. Katika hali hiyo kila taarifa ya kweli kutoka Kongwa ilikuwa zawadi kwa upinzani, na kila mtu aliyesema "eka hizi hazitapatikana" alihesabiwa kuwa amemsaidia adui. Idadi ya eka ilitukuzwa kuliko karanga. Waziri aliulizwa eka, akajibu eka. Mwenyekiti akadai eka kutoka kwa meneja. Meneja akazidai kwa wakuu wa mashamba. Na matingatinga yakafyeka kwa ajili ya hesabu, hata pale ambapo kila mwenye macho aliona kwamba kilichofyekwa hakitapandwa kwa wakati wake.

Hakuna sehemu ya kisa hiki inayonisikitisha kama ile ya wataalamu. Kongwa ilikuwa na idara ya sayansi iliyoongozwa na Hugh Bunting, kijana mwenye elimu kubwa ya mimea, naye alikusanya kundi la watu waliopima mvua, waliochunguza udongo na waliofuatia maradhi ya karanga jani kwa jani. Kazi yao ilikuwa safi, na walichokipata kilikuwa wazi: kwamba udongo wa Kongwa mvua zikikoma hukauka ukawa mgumu kama saruji, na kwa kuwa tunda la karanga hukomaa chini ya ardhi, wakati wa kuvuna ndio wakati ambao ardhi haikubali kuachia, kwamba mvua za Ugogo ni za msimu mmoja na mara nyingi hukatika katikati, mimea ikiwa katika haja kubwa ya maji, kwamba mahali pamoja hunyesha na pengine karibu yake pakakauka. Mzee yeyote wa Kigogo, aliyechagua kupanda uwele badala ya zao lenye kiu, angeweza kuyasema mambo hayo kwa lugha yake, na wataalamu wakayathibitisha kwa vipimo. Lakini elimu ilifika baada ya mashine, ilhali ilipaswa kutangulia. Na ilipofika ilikuta mashine zimekwisha kulipwa, reli ya tawi kutoka Msagali inajengwa, nyumba zinaezekwa, na mawaziri wamekwisha kusema. Mvua za msimu wa 1948 na 1949 zilipokatika na ukame ukashika, hata Wagogo wakaingia katika njaa kuu. Alizeti, iliyopandwa kwa matumaini kwamba ingevumilia pale karanga zilipotindikiwa, haikuokoa jambo.

Hesabu za fedha ndizo zilizofunua hali ya nyumba. Bohari za Kongwa na za Dar es Salaam zilijaa mali iliyoagizwa kwa pupa, na orodha zake hazikuwa kamili. Mtu alitafuta kipuri kilichokuwamo bohari, akaambiwa hakipo, kikaagizwa kingine kutoka ng'ambo. Wizi ulikuwapo, kama uwapo mahali popote pasipo na hesabu, lakini uharibifu wa ovyo ulikuwa mkubwa kuliko wizi. Wakaguzi walipoletewa vitabu vya mwaka ulioishia Machi 1949 walikataa kuthibitisha kwamba hesabu zimetunzwa ipasavyo. Kwa shirika la umma hiyo ni fedheha isiyo na pazia. Novemba mwaka ule Strachey aliwaondoa katika baraza Wakefield na Rosa, wawili kati ya wale watatu walioandika taarifa ya kwanza. Wakefield alikataa kujiuzulu kwa hiari, ikabidi afukuzwe. Sisemi kwamba hakuwa na sehemu yake katika makosa. Kisio lilikuwa lake. Lakini yeye alikuwa mtu wa kilimo katika baraza lenye upungufu wa watu wa kilimo, na kuondolewa kwake, ilhali mwenyekiti na waziri walibaki katika viti vyao kwa wakati ule, kuliwafundisha waliobaki Kongwa jinsi adhabu inavyopimwa katika shirika lao. Plummer naye aliondoka mwaka uliofuata. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya shirika, alijiuzulu na kuandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1950, na katika kitabu hicho dunia ilisoma kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mtu wa ndani, mambo ambayo ripoti za shirika zilikuwa zikiyafunika.

Katika mwaka 1950 jopo lilikaa Kongwa kuyapima mambo upya, na safari hii swali halikuwa eka ngapi zitafyekwa, bali nchi ile inaweza nini. Jibu lilikuwa kwamba kilimo cha karanga kwa mashine na kwa upana ule hakiwezekani. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuvunja mpango rasmi na kufuta pauni milioni 36 na nusu, zaidi ya gharama yote iliyokisiwa kwa mashamba 107. Shirika likatolewa mikononi mwa Wizara ya Chakula na kuwekwa chini ya Wizara ya Makoloni, mahali ambapo pengine lingalipaswa kuwa tangu mwanzo.

Mambo yaliyofuata yanafaa kutajwa, kwa kuwa yalitendeka juu ya ardhi ile ile na chini ya jua lile lile. Katikati ya miaka ya 1950 mabaki ya mpango yalirithiwa na Shirika la Kilimo la Tanganyika, lililokuwa dogo, lenye makao yake ndani ya nchi, na lisilo na ahadi ya kumtukuza waziri yeyote. Kongwa iliachwa kuwa ranchi ya ng'ombe, ikarudi katika kazi ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya kabla ya tume kupita angani. Urambo, katika Unyamwezi, ambako mpango ulikuwa nao na mashamba, ilipandwa tumbaku, na tumbaku ilistawi, mpaka wakulima wa Kiafrika wakaishika wenyewe na jina la Urambo likajulikana kwa zao hilo. Reli iliyojengwa kusini kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini bandari ya Mtwara, iliyochimbiwa karanga ambazo hazikuja, ilibaki, ikapokea korosho za watu wa kusini. Na nyumba za Kongwa, ambazo shirika lilizijenga kwa haraka kwa ajili ya maofisa wake, zilikuwa jirani na kambi iliyofunguliwa mwaka 1964 kwa wapigania uhuru wa FRELIMO, na baadaye wa ANC, SWAPO na vyama vingine vya kusini mwa Afrika, waliokaa pale miaka mingi wakijiandaa kurudi makwao.